Nyonga bandia haikuniuma, kumbe mfupa unaliwa kimyakimya

Niliwekewa nyonga bandia 1999 nikiwa na miaka 44 na kwa kweli ilinirudishia maisha, natembea, napanda ngazi, nalala ubavu wowote, mpaka nikasahau kama nina chuma mwilini. Miaka ya mwanzo nilikuwa naenda kupiga eksirei za kuangalia maendeleo, baadaye nikaacha, maana kama hainiumi naenda kufanya nini? Hapo ndo nilipokosea, na bado inaniuma nikifikiria.

Baada ya miaka kama 14 hivi nikawa nikisimama kutoka kwenye kiti kinena kinavuta, nikishatembea kidogo kinaachia. Nikajua ni umri tu, nikakaa nayo karibu mwaka mzima.

Daktari wa mifupa kitu cha kwanza aliuliza picha zako za zamani ziko wapi. Nilikuwa nimezitunza kwenye bahasha juu ya kabati, akaziweka sambamba na mpya, na hata mimi nisiyejua kitu nikaona, lile goroli la chuma la juu ya paja halijakaa tena katikati ya kikombe kilichoshikizwa kwenye mfupa wa nyonga, limepanda juu, na nyuma ya kikombe kuna mabaka meusi, mfupa hakuna. Picha mpya peke yake wala isingenishtua.

Akanielewesha kwamba ile plastiki iliyo ndani ya kikombe, goroli linapozungukia, inasagika kidogokidogo kila hatua, inatoa vumbi lisiloonekana kwa macho, seli za kinga zinalimeza zinashindwa kulimaliza, ndo zinaanza kuamsha seli zinazokula mfupa. Yaani mwili wako mwenyewe. Na inaweza kwenda hivyo miaka bila dalili yoyote. Nikaomba vidonge, akasema hakuna dawa ya kuziba mashimo ya aina hii wakati vumbi bado linazalishwa.

Kabla ya chochote nikapimwa damu na kuvutwa maji kwenye nyonga kuhakikisha sio maambukizi, maana nayo yanakula mfupa na matibabu yake ni mengine kabisa. Sitiskani, ile picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa undani, ikaonyesha mashimo makubwa kuliko tulivyoona kwenye eksirei, ila kikombe chenyewe bado kimeshika! Wakabadilisha plastiki na goroli tu, mashimo wakayajaza mfupa wa kupandikiza. Ningengoja kilegee ingebidi king'olewe chote. Plastiki waliyoweka ni hii ya kisasa inayosagika kidogo sana kuliko ya zamani.

Wiki sita za magongo, mguu naugusisha tu chini. Kilichonitia hofu zaidi ni goroli kuchomoka kwenye kikombe, maana baada ya upasuaji wa marudio hatari hiyo inaongezeka, kwa hiyo sikukunja nne wala kukaa kiti kifupi kwa miezi.

Picha ya mwaka uliofuata mabaka yalishaanza kuwa meupe. Nikaitia kwenye ile bahasha pamoja na zingine, na tarehe ya kurudi nikaiandika juu yake kwa kalamu nyekundu.