Asilimia 2.75 ya Kenya na 3 ya Tanzania: nani anakatwa zaidi?

Ukiweka slipu mbili za mshahara mezani, haraka utasema bima ya afya ya Kenya ni nafuu: 2.75 dhidi ya 3. Ngoja kwanza. Mtumishi wa umma Tanzania Bara anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3, hivyo NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inapokea 6. Kenya, SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, inachukua asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, yote kutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipowasilisha, anayeaibika dirishani hospitalini si yeye.

Chukua mshahara wa KSh 100,000. Enzi za NHIF ya Kenya, mfuko uliotangulia SHIF, mwisho wa makato ulikuwa 1,700 hata ukilipwa milioni. SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, haina kikomo cha juu: unakatwa 2,750. Ila tangu 27 Desemba 2024 mchango huo hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kwa kuwa mshahara huo unagusa ngazi ya kodi ya asilimia 30, kodi inashuka kwa 825, na kinachokuuma hasa ni 1,925. Mhasibu akikokotoa PAYE kwanza ndipo atoe SHIF, hiyo 825 umeipoteza kila mwezi. Kagua slipu yako. Nafuu ya zamani ya asilimia 15 ya mchango nayo ilifutwa siku hiyohiyo, usiidai tena.

Wa KSh 20,000 alikuwa akitoa 750, sasa 550. Punguzo la kodi halimhusu, maana PAYE yake ni sifuri tayari.

Asiye na slipu ndiye mwenye kazi. Kenya, kaya ya jua kali, isiyo na ajira rasmi, hukadiriwa kipato na kudaiwa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Nani anauza mboga kwa siku halafu ana pesa ya mwaka mzima? Tanzania, CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa TSh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita mikoani. Rahisi, lakini kwa hiari: wengi walijiunga wakishaugua, mfuko ukakauka, ukaandikiwa dawa ukanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ilitungwa kuondoa hiari hiyo.

Mkenya ambaye hajalipa hata senti ajisajili hata hivyo, kwa kupiga *147#. Matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma, ngazi ya 2 na 3, hulipiwa na kodi, si SHIF.