Mimba ya miezi 7 na ngozi inayowaka

Jamani, soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuwasha na kutoa magamba, imenipanda kuanzia visigino hadi kichwani. Asubuhi nikikung'uta shuka, magamba yanamwagika kama unga wa muhogo. Methotreksati, dawa yangu ya soriasisi, niliiacha kabla hata ya kutafuta mtoto, maana inadhuru mimba. Mama mkwe kaleta mwarobaini. Nikamshukuru, nikausukuma uvunguni. Daktari wa ngozi kaniandikia mafuta ya mgando nijipake mara tu nikitoka kuoga, krimu ya steroidi isiyo kali, na mwanga wa UVB (miale ya urujuanimno ya taa maalumu) mara 3 kwa wiki. Vidonge vya foliki asidi kasema nisiruke hata siku moja. Basi nasimama kwenye kijumba cha taa, miwani usoni, tumbo mbele, kama mwizi kamulikwa tochi. Jana nimelala bila kujikuna. Aliyeniamsha ni mtoto, kwa mateke.