Mama mdogo na ile nyama ya kwenye mashine

Yani siku ile nimetoka kliniki na mama mdogo nina furaha kama mtu aliyeuza korosho kwa bei ya juu. Mama mdogo moyo wake umetanuka, toka masika anaisha mabega mpaka gauni linamdondoka, sa siku hiyo wakamsimamisha peku kwenye ile mashine ya kupima mafuta mwilini, karatasi ikatoka kilo zimepanda na misuli imepanda. Nikampigia bamdogo mlemle kwenye bajaji, mkeo anaongeza nyama, ming'oko, vile viazi vya porini, imemkubali!

Kumbe maji.

Jirani yetu hapa Chikongola, Mtwara, ni nesi, nikamuonesha karatasi kwa mbwembwe, akaniuliza swali moja tu, miguu yake ukiibonyeza shimo linabaki? Linabaki. Akaguna.

Akanielewesha kwamba ile mashine mafuta haiyaoni kabisa. Inapitisha umeme mdogo mno, chini ya miliampia 1, huusikii hata, alafu inapima mwili unaukinza kiasi gani. Maji ya mwilini yana chumvichumvi kwaiyo umeme unapita vizuri, na misuli karibu robo tatu ni maji, mafuta maji yake kidogo ndo maana yanaukinza. Basi inachukua huo ukinzani na urefu na uzito na umri na kama we ni mwanamke au mwanaume, inakadiria maji, kwenye maji inakadiria nyama, kinachobaki inakuandikia mafuta. Na hesabu inachukulia ukitoa mafuta mwili wako una maji kama asilimia 73. Sa mtu miguu imejaa mpaka kandambili haziingii, hiyo 73 inatoka wapi? Maji yote ya uvimbe imeyaandika nyama. Tena ile ya kukanyaga umeme unapanda mguu huu unashukia ule, yani imepima palepale palipovimba, mabega yaliyokwisha haikuyafikia!

Sio kwamba ni takataka. Ipo ya kulala chali dakika 5 mpaka 10, wanakubandika vibandiko mkononi na mguuni, na mtu ambaye maji yake hayayumbi akipima mashine ileile, saa ileile, hajala, ameshakojoa, inamuonesha vizuri tu anaelekea wapi. Ila ukitoka shamba jua kali hujanywa maji itakusingizia mafuta, na mwenye betri ya moyo asiiguse bila daktari kumruhusu.

Tukarudi hospitali. Daktari karatasi hakuifungua, kabonyeza miguu, kaangalia mishipa ya shingo, kaongeza dawa ya kukojoa. Wiki moja kilo 4 zimeondoka, kandambili zinaingia.

Bamdogo mpaka leo ananiuliza ile nyama nilomtangazia imeenda wapi.