Dakika 15 Mferejini

Jana usiku binti yangu, kitabu cha sayansi kikiwa wazi mapajani, aliniuliza: "Baba, kama ubongo una ukuta wake, kirusi cha kichaa cha mbwa hupenya wapi?" Papo hapo harufu ya sabuni ya kipande ikanijia puani.

Bibi yule alifika zahanatini, hapa Malindi, na mjukuu mgongoni. Mbwa koko alikuwa amemuuma tafu la mguu. Jeraha lilishapakwa bizari na mafuta ya nazi.

"Daktari mwanangu, mshone, damu inamwisha."

Sikumshona. Kushona mapema huzidi kuvisukuma virusi kwenye ncha za neva. Nilimkalisha mtoto juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mfereji wa uani, nikaitundika saa msumarini. Maji yalitoka manjano, kisha mekundu, kisha povu likawa jeupe. Kila tundu la jino nililifungua kwa kidole nikalijaza povu, nikalisuuza, nikalirudia. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Dakika ya 6, bibi akanishika mkono: "Yatosha, mwanangu." Nikamwambia bado, bibi. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Bila utando huo hakiingii kwenye seli. Lakini sabuni lazima ikifikie kikiwa bado jerahani. Tulimaliza dakika 15, ndipo nikapaka ayodini.

Ukuta anaousoma binti yangu ni wa kweli. Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama, viungo karibu vyote vikabadilika rangi, ubongo ukabaki mweupe. Seli za kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, za ubongo zimegandana bila mwanya, na kwa nje zimekumbatiwa na seli nyingine. Mwili ukishambuliwa hutoa intaferoni, protini ya kinga ambayo huweza kuukaza ukuta zaidi. Virusi vingi vilivyomo kwenye damu huishia hapo.

Cha kichaa cha mbwa hakitegemei damu. Huanzia msulini, kikashika ncha ya neva, kikapanda ndani yake hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3. Kikishafika, ukuta ule ule hubaki umefungwa, na kingamwili zilizo kwenye damu hukwama nje. Hili ndilo linaloniuma: mlinzi amelinda, na aliyefungiwa ndani ni adui.

Mengine yalikwenda mbio. Chanjo siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, ilipatikana jioni: yuniti 20 kwa kila kilo, mtoto ana kilo 18, basi yuniti 360, nikazidunga ndani na kandokando ya jeraha. Mbwa hakuonekana tena. Mtoto hakuugua. Kama ni sabuni, ama sindano, ama mbwa hakuwa na ugonjwa, hakuna wa kuniambia.

Nilimjibu binti yangu: hupitia kwenye neva. Akafikiri kidogo.

"Basi ukuta ungelegezwa, kinga iingie?"

Nikamweleza kwamba kwa panya walioambukizwa kirusi kilichodhoofishwa, ukuta hulegea wenyewe, seli za kinga zikaingia, wakapona. "Na kwa watu?" akauliza. Nikamwambia kwa watu bado tunaosha jeraha.