Breathless si muziki wa kusindikizia pilau

Napuliza saksafoni kwenye harusi na hoteli za hapa Dar, na ombi moja halikosekani. Iwe ukumbi wa Sinza au wa Mbezi Beach, mwanakamati atanifuata kabla maharusi hawajaingia: "Kaka, watu wakianza kula tuwekee zile za Kenny G." Jina la wimbo hataji. Ataung'ong'ona kidogo tu, nami nimeshaujua, na mara nyingi umetoka kwenye albamu moja ya mpuliza saksafoni huyo Mmarekani, Breathless.

Wanamuziki wenzangu hununa. Wanauita muziki wa lifti. Mimi albamu hii naipenda na kuiheshimu kwa dhati, na nimechoka kuisikia ikisemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kuisikiliza wakiwa wametulia.

Ilitolewa na kampuni ya muziki ya Arista Novemba 1992. Marekani peke yake imethibitishwa kwa nakala milioni 12, na hakuna albamu ya ala (muziki wa vyombo) iliyowahi kuuza kuizidi. Mwezi uleule Arista walitoa pia muziki wa filamu ya The Bodyguard, ule uliobebwa na Whitney Houston, na humo ndani kuna wimbo uliomo pia kwenye Breathless: Kenny G anapuliza, Aaron Neville anaimba. Mwaka 1994 "Forever in Love" ukapata tuzo ya Grammy ya utunzi bora wa ala.

Kwetu ilifika kwa kanda. Wakubwa wanakumbuka: unapeleka kanda tupu Kariakoo, unaacha orodha ya nyimbo, unapitia baadaye kuchukua. Kaka yangu alikuwa na ya dakika 90. Upande mmoja alirekodiwa Breathless, zile zilizoenea, maana albamu ni ndefu kuliko upande wa kanda. Upande wa pili bendi ya dansi ya Mlimani Park, wana Sikinde. Nimekua nikiigeuza kanda hiyo, na nilichojifunza kuhusu saksafoni kimetokea hapo, kati ya upande huu na ule.

Kwenye dansi letu saksafoni inasubiri. Waimbaji wanamaliza beti zao, wapulizaji wanajibu kwa vipande vifupi, halafu wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka, ndipo magitaa na midomo ya bata (vyombo vya kupuliza) vinapopewa nafasi. Utamu wake ni huohuo wa kusubiri, na siubadilishi kwa chochote. Kenny G kafanya kinyume. Kaichukua saksafoni akaikabidhi kazi ya mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho, na kinanda ndicho kinachosubiri. Sikiliza anavyoingia kwenye "Forever in Love": kuna ubeti, kuna kiitikio, kuna mahali anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo zito. Ndiyo maana yule mwanakamati anaweza kuung'ong'ona. Watu waliununua kwa mamilioni kwa sababu ni nyimbo za kuimbika, na kutunga wimbo wa kuimbika bila neno hata moja ni kazi ngumu mno.

Kuupiga nako si mchezo. Anayoipiga zaidi ni soprano, ile iliyonyooka kama zumari, na soprano ndiyo saksafoni yenye kiburi kuliko zote. Ukilegeza midomo kidogo, sauti inashuka, ukiibana, inapanda. Joto la Dar linaongeza shida: hewa ikipata moto ndani ya bomba, sauti inapanda juu ya kinanda, na kwenye ukumbi usio na kiyoyozi mwezi wa pili unapigana nayo usiku kucha. Ridi nayo, kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, huota ukungu ukiiacha mbichi kwenye mkoba. Mimi naifuta, naianika kivulini, ndipo naifungia.

Halafu kuna zile noti ndefu. Jamaa hafichi hewa mahali. Anajaza mashavu, na wakati mashavu yanasukuma hewa kwenye saksafoni, pua inavuta nyingine. Zoezi lake ni mrija na glasi ya maji: unapuliza mapovu na kuvuta kwa pua, mapovu yasikatike. Mwaka 1997, New York, alishikilia noti moja kwa dakika 45 na sekunde 47, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Ila kwenye Breathless pumzi hiyo anaitumia kwa kiasi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Najua mpiga gitaa Pat Metheny alimshambulia vikali. Hasira yake iliwaka Kenny G alipopuliza juu ya rekodi ya Louis Armstrong, gwiji wa tarumbeta ya jazi, ambaye alikuwa marehemu na hakuulizwa. Hapo nakubaliana na Metheny kabisa. Lakini hiyo ilikuwa 1999, na haiwezi kutumika kuifuta kazi ya 1992. Nakubali pia kwamba vibao vya harakaharaka vya Breathless vimezeeka, ngoma zake za mashine zinachosha sikio. Navirukaga. Zile za taratibu hazijazeeka.

Sasa hivi nina kijana ninayemfundisha, anatoka Temeke, ana soprano ya kuazima. Alitaka kuanza na zile mbio za vidole anazoziona kwenye simu. Nimempa "Forever in Love", aipige bila kinanda nyuma yake, mpaka mama yake aliye jikoni autambue wimbo. Ubeti wa kwanza ameshaupata. Kwenye kiitikio bado anabana midomo na sauti inapanda. Suala la pumzi na mrija hatujaligusa, na simharakishi.