Kalipa kubwa za breki ndani ya rimu za spoti: tik tik imeisha
Jamani nimepumua. Gari yangu Subaru Impreza niliifungia kalipa (zile zinazobana diski za breki) za pistoni 4 mbele na diski za 294 mm, rimu za spoti inchi 17, basi ikitembea tu tik tik tik kila tairi ikizunguka. Nikabadilisha beringi, bado. Nikaweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje) ya 3 mm, nati zikashika nyuzi chache za bolti nikaogopa nikaitoa. Mwishowe nikapiga jeki, nikapaka kalipa chaki nikazungusha tairi kwa mkono: spoki hazigusi kitu, ila chaki imefutika kwa juu, kamstari kembamba kama ukucha. Kumbe ni vile vyuma vya balansi (vizito vidogo vya kusawazisha tairi) vilivyobandikwa ndani ya rimu! Fundi tairi akavibandua, akabalansi upya akavisogeza ukingo wa ndani kabisa, mbali na kalipa. Kimya.