Siku Nne Zisizohesabiwa

Mwaka 2011 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mjini Tanga, na kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini Dar es Salaam, nilipelekwa kulelewa uzazi kwa bibi yangu mzaa mama, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Alfajiri bibi alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa kanga mpaka nikahema, kisha akakaa mbele yangu hadi nimalize bakuli zima la uji wa pilipili manga. Sikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti kabla ya arobaini, wala sikuitamani. Sijapata tena kutunzwa namna ile.

Siku ya tano kichwa kilianza kuniuma. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na yote yaliingia akilini: mtoto alikuwa akilia usiku kucha nami silali. Jirani mmoja alitaja jicho la watu, bibi akaniandalia kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, nikanywa. Siku ya sita maumivu yakaja na chini ya chembe cha moyo, tukalaumu kanga na kuilegeza. Nilipoanza kuona vimulimuli mchana kweupe nilinyamaza, kwa maana niliona haya kulalamika watu wakiwa katika furaha.

Alasiri ile alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili, muuguzi mstaafu, na sabuni zake mbili na kilo ya sukari ya kumpongeza mzazi. Alimtazama mtoto kidogo tu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafunua kanga miguuni mwangu, akanibonyeza kwenye muundi kwa dole gumba na kulishikilia hapo. Alipoliondoa, kishimo kilibaki vile vile, kama katika unga wa chapati uliokwisha kukandwa.

"Kichwa kinakuuma tangu lini, mwanangu?" Wala sikuwa nimemwambia kuwa kinaniuma.

"Tangu jana, mama."

Akamgeukia bibi. "Bi mkubwa, huyu aende hospitali sasa hivi. Naogopa kifafa cha mimba."

"Mimba gani tena," bibi akauliza, "na mtoto huyu hapa?"

Swali hilo lilikuwa langu pia, na nadhani ni jina lenyewe la ugonjwa lililotupumbaza. Kifafa cha mimba ni degedege linaloletwa na presha ya uzazi, na presha hiyo haitoki pamoja na kondo la nyuma. Inaweza kuzuka ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo, hata kwa mwanamke ambaye vipimo vyake vyote vya kliniki vilikuwa vizuri kama vyangu. Niliporuhusiwa kutoka wodini, hakuna aliyenipima presha, nasi hatukujua kama ni jambo la kuulizia.

Bibi alivaa baibui bila kusema neno, akambeba mtoto, na kizingiti nilichokatazwa nikakivuka nimeshikwa mkono naye mwenyewe. Hospitalini kipimo cha presha kilisoma 170 kwa 110. Nilipewa dawa ya kushusha presha, kisha salfeti ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 polepole mshipani, joto likanipanda hadi usoni, halafu gramu 5 katika kila tako, sindano ambazo maumivu yake nayakumbuka kuliko ya kuzaa. Kila baada ya saa 4, kabla ya dozi nyingine, muuguzi alinigonga chini ya goti kuona kama mguu unaruka, akahesabu pumzi zangu na kutazama kiasi cha mkojo, kwa sababu dawa hiyo ikizidi mwilini hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mara ya kwanza bibi aliudhika, akauliza kwa nini mzazi anapigwa. Mara ya tatu yeye ndiye aliyeinama kuutazama mguu, akatangaza kwa wodi nzima: "Umeruka!"

Degedege halikunifika. Nililala huko siku nne, mtoto akinyonya ubavuni mwangu, kisha tukarudi Ngamiani, kwenye maji ya moto na uji. Bibi alikataa katakata kuzihesabu siku hizo, akisema kuwa huko nilikuwa mgonjwa, si mzazi. Kwa hiyo arobaini yangu ilikwisha siku ya 44.